Nafasi ya Mama Pale Getini

Baba alipofariki, kamati ya mazishi ilinipa kazi moja tu: kutafuta picha za kijitabu cha ibada. Kazi nyepesi, walisema, wewe ndiye mtoto wa pekee, utajua ziliko. Kweli nilijua ziliko. Zilikuwa juu ya kabati la Mama, hapa hapa Silver Spring, Marekani, ndani ya bahasha ya kaki iliyoshikwashikwa mpaka ikalainika kama kitambaa, na nilikuwa nimeikwepa bahasha hiyo kwa miaka mingi. Nilipoifungua, naapa nilisikia harufu ya karanga za sukari na mdalasini. Labda ni akili yangu tu, maana picha hazinuki hivyo. Lakini niliketi sakafuni nikiwa bado na koti, nikaanza kuzipanga.

Ni picha ile ile, imepigwa mara kumi na moja. Nyuma kuna chemchemi yenye vyura wa shaba wanaotema maji. Kushoto yuko Baba, ndani ya koti la mtu mnene kuliko yeye. Kulia niko mimi, nywele zimesukwa mistari, uso hauna tabasamu. Kati yetu pana pengo la kumtosha mtu mzima, na mkono wangu umeinuliwa kidogo kulielekea pengo hilo, kama mtoto aliyekuwa ameshikwa mkono kisha akaachiliwa sasa hivi.

Pengo hilo nusura livunje nyumba yetu, na aliyelichimba ni mimi.

Pale mahali tulipaita Getini. Palikuwa na bustani kubwa ya michezo nje kidogo ya Columbia, yenye gurudumu refu na vile vigari vya kupindua watu kichwa chini miguu juu. Ndani hatukuwahi kuingia hata siku moja. Ila mbele ya geti palikuwa na mtaa mzima wa maduka na mikahawa, nao ulikuwa wazi kwa kila mtu. Palikuwa na duka la kofia lililotoa kioo chake nje ili wapita njia wajaribu. Palikuwa na mzee wa saksafoni, na mwanamke aliyekaanga karanga kwenye sufuria ya shaba. Palikuwa na mkahawa wa kaa, ambako watu waliofungwa aproni kama watoto wachanga walipondaponda kaa kwa nyundo za mbao juu ya meza zilizotandikwa karatasi. Baba, mtu wa Machakos asiyewahi kula kitu chenye miguu zaidi ya minne, alikuwa akisimama kuwatazama. "Watu wazima," angesema, "wanapigana na wadudu, na wadudu wanashinda." Sisi tulikaa kwenye mabenchi na chupa ya chai na chapati zilizofungwa kwenye taulo, na hakuna aliyetuuliza kitu.

Wakenya wa kanisani kwetu walikuwa na desturi yao. Mtu akitoka nyumbani, kabla hata hajajua kupanda treni ya Red Line, alipelekwa Getini Jumapili baada ya ibada, amevaa ile suti aliyoshuka nayo kwenye ndege. Alisimamishwa mbele ya vyura, akapigwa picha, na picha ikatumwa nyumbani kwa mkono wa yeyote aliyekuwa akisafiri. Mgeni akitambulishwa kanisani, wazee walimtania: "Huyu bado hajafika, hajapelekwa Getini!" Na akishapigwa picha walimpigia makofi: "Haya, sasa umefika!" Wakubwa wote walicheka. Mimi nilikuwa na miaka saba na niliamini kila neno. Niliamini mtu anaweza kushuka uwanja wa ndege wa Dulles, akapita kwenye zile mashine, akalala Silver Spring mwezi mzima, na bado akawa hajafika mpaka asimame pale. Hata zile kelele za watu kwenye vigari, kule ndani ya geti, nilidhani ni watu wanaofanyiwa interview, kwa sababu nilikuwa nimesikia kwamba interview ya ubalozi inaliza watu wazima.

Mama alikuwa hajafika kwa maana zote mbili. Tulipaswa kusafiri watatu, lakini jina lake kwenye cheti cha kuzaliwa halikulingana na lile la cheti cha ndoa. Ubalozi ukamwambia asubiri, na viza yangu na ya Baba ilikuwa na siku yake ya mwisho. Tukamwacha uwanja wa ndege wa Nairobi akipunga leso. Alisema ni miezi miwili tu. Ikawa miaka miwili na zaidi.

Siku moja, kwenye chakula cha kanisa, niliomba chapati mbili, moja yangu na moja ya Mama. Mama mmoja wa kanisa aliyekuwa akipakua akanipa moja, akasema kwa utani, "Asiyekuwapo na lake halipo," na watu wakacheka. Hakuwa na ubaya, alikuwa ndiye anayenisuka nywele kila Jumamosi. Lakini methali ile niliichukia siku hiyo na sijaipenda mpaka leo. Kwetu Machakos nilikuwa nimefundishwa vingine. Shangazi akichelewa ibada, Mama alitandika leso yake kwenye benchi, kimya kimya, na hakuna aliyethubutu kuikalia. Asiyekuwapo alikuwa na lake. Ilibidi tu mtu amwekee.

Basi nikamwekea. Sikuwa na leso, lakini nilikuwa na miguu.

Aliyetupiga picha alikuwa mlinzi wa mtaa ule, Mmarekani mweusi aitwaye Otis. Alijifunza Kiswahili chuoni akiwa kijana, na nadhani alikaa miaka mingi bila mtu wa kuzungumza naye mpaka sisi tulipoanza kumwagika pale na chupa zetu za chai. Kiswahili chake kilikuwa cha vitabuni, kimepigwa pasi. Alimwamkia Baba "Shikamoo" ingawa alimzidi umri kwa mbali, na Baba, ambaye kwetu Ukambani hatuna mazoea hayo, alijibu "Marahaba" huku akitazama viatu vyake. Kisha alimpa kamera.

"Mwende, songa karibu, bana," Baba angeniambia. "Kwani mimi nanuka?"

"I'm okay here, Dad."

Angenivuta, ningekubali kuvutwa. Otis alihesabu, moja, mbili, na kabla ya tatu mimi nilirudi hatua moja kubwa na kuinua mkono. Enzi hizo kamera ilikuwa ya filamu, picha unaiona baada ya wiki mbili, maji yameshamwagika. Baba hakunigombeza. Alizitazama picha zile, akanitazama, akazitia kwenye bahasha.

Mara ya tatu au ya nne, Otis alinivuta kando. "Binti, kwa nini unamkimbia baba yako?"

"Simkimbii. Hapo ni pa Mama."

"Mama yako yuko wapi?"

"Machakos. Hajafika."

Otis aligeuka, akalitazama lile pengo mbele ya vyura kwa muda, kisha akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyepewa zamu mpya ya kazi. "Vema," alisema. "Nitapalinda."

Ndiye mtu mzima wa pekee aliyeniuliza.

Kule Machakos, Mama alizipanga picha zetu kitandani moja moja kadiri zilivyomfikia, akaziangalia kama askari wa upelelezi. Maneno yake kwenye simu niliambiwa baadaye, na yeye mwenyewe. Ya Baba niliyasikia nikiwa kwenye korido ya nyumba, nimevaa soksi.

"Baba Mwende, ni nani huyo mnamwambia atoke ndio mpigwe picha?"

"Nani? Unaongea juu ya nani?"

"Mtoto alikuwa ameshikwa mkono. Mkono bado uko juu. Mimi si kipofu."

"Hapo hapana mtu, Mama Mwende!"

"Na kamera imeshikwa na nani?"

"Si nilikuambia ni mlinzi. Otis. Mpaka anatusalimia na Kiswahili."

"Mlinzi wa Amerika anaongea Kiswahili." Hapo, aliniambia, ndipo alipoishiwa nguvu. Kama Baba angesema uongo wa kawaida, pengine angemwamini. "Lisemwalo lipo, Baba Mwende."

"Hapana mtu hapo! Nikuapie mara ngapi? Hapana mtu!"

Mimi kwenye korido nilisikia hayo ya mwisho, nikakasirika. Nilielewa kwamba Baba anaitoa leso kwenye benchi. Jumapili iliyofuata tulipokwenda Getini nilisogea kando hatua mbili badala ya moja. Nami sikutaka kumtazama Baba, nikatazama pembeni, juu juu, mahali uso wa Mama ungekuwa. Picha hiyo ninayo hapa. Mtu yeyote akiiona atasema mtoto huyu anamtazama mtu.

Simu zikawa fupi. Mama akawa anaomba kuongea na mimi peke yangu.

"Umekula nini? Na nywele, nani anakusuka?"

"Auntie."

"Auntie gani?"

"Just Auntie, Mom. Wa church."

Kisha simu ikarudi kwa Baba, na Baba akaenda nayo bafuni.

Huku nyumbani kukiwa hivyo, Getini nako kulianza kubadilika, na mimi niliona mambo hayo mawili kama jambo moja. Kwanza alitoweka mzee wa saksafoni. Mahali pake waliweka mawe ya plastiki yenye spika ndani, muziki ukawa unatoka ardhini kwenye maua bila mtu. Kioo cha duka la kofia kikaondolewa, kisha kofia, na duka likawa la simu. Mkahawa wa kaa ukafungwa, ukafunguliwa mwingine wenye vioo vyeusi na sahani kubwa zenye chakula cha kijiko kimoja. Baba alisema afadhali wale wadudu. Mabenchi yalipungua moja baada ya jingine, na yaliyobaki yakatiwa vyuma katikati ili mtu asijinyooshe. Kibao kikawekwa kwamba chakula cha nje hakiruhusiwi. Watu wa kanisa walisoma kibao kile, wakafunga chapati zao, wakacheka kidogo, na Jumapili iliyofuata walikuwa nusu.

Otis ndiye aliyeniambia kuhusu vyura. Yeye na walinzi wenzake walikuwa wamepewa sare mpya za kijivu, na waya ukamning'inia sikioni. "Chemchemi itafunikwa," alisema. "Mkahawa unahitaji nafasi ya meza."

Nililia garini njia nzima. "They're taking the fountain, Dad! Mom atafikaje?"

"Atafika na ndege, mama. Dulles. Kama watu wote." Baba alikuwa amechoka, ametoka zamu ya usiku kwenye maegesho ya hoteli kule Alexandria. Hakunielewa, nami sikumweleza. Nilidhani anajua. Watoto hudhani wakubwa wanajua, na nadhani hilo ndilo lililotuponza sote watatu.

Mama alifika majira ya baridi. Nilikuwa nimerefuka, na alinipita kidogo kabla ya kunitambua, kisha akanikumbatia mpaka miguu yangu ikaacha sakafu. Baba alimpa mkono. Mkono tu, kama anavyosalimiwa mchungaji. Nyumbani alikataa kufungua sanduku. Lilisimama wima karibu na mlango usiku kucha, na Mama alilala na mimi.

Asubuhi, chai haijamalizika, alimwambia Baba, "Kabla sijafungua hili sanduku, nipeleke pale."

"Pale wapi?"

"Pale mnapigia picha. Nikaone na macho yangu. Dada yangu yuko Minnesota, nikitoka hapa naenda kwake."

Baba alichukua funguo. Nilikuwa na miaka tisa, na ndipo nilipofahamu kwamba Mama alikuwa amekuja kuangalia kama anabaki.

Tulipofika Getini, sikupatambua hata mimi niliyepajua. Vyura walikuwa chini ya sakafu ya mbao. Juu yake palikuwa na meza, viti vya chuma, mitungi ya gesi yenye moto kichwani ya kuwapasha wateja joto, na kamba nyekundu kuzunguka. Muziki ulitoka kwenye mawe. Mama alitoa bahasha yake kwenye mkoba, akainua picha moja mbele ya macho, akaishusha, akaiinua tena.

"Hapa si pale."

"Ni hapa, Mama Mwende. Wamebadilisha tu."

"Kila kitu chenu kimebadilishwa nikifika," alisema.

Nilimwona Otis kabla yao. Alikuja kwa mwendo wake wa pole, akanitazama mimi, akamtazama mwanamke mwenye leso kichwani na picha mkononi, akavua kofia. Siku hiyo hakumwambia mtu Shikamoo.

"Mama Mwende," alisema. "Karibu. Nafasi yako ipo. Nimeilinda kwa muda mrefu."

Mama alimtazama kuanzia viatu mpaka nywele za mvi. "Wewe ndiye mlinzi?"

"Ndimi."

"Unaongea Kiswahili."

"Ninajaribu, mama."

"Nafasi gani unaniambia?"

Otis alinigeukia. "Binti, mweleze mama yako."

Nikapita chini ya ile kamba nyekundu, nikamshika Baba koti, nikamsimamisha palipokuwa mbele ya chura mkubwa. Nikarudi hatua moja, nikainua mkono. Baba alinitazama, akautazama mkono wangu, akatazama pale katikati, na niliona uso wake ukielewa polepole. Mama aliangalia picha, akatuangalia sisi, akaangalia picha nyingine.

"Nilikuwekea," nikasema. "Kama leso. Ya shangazi."

Mama aliketi kwenye kiti cha watu, akafunika uso kwa ile bahasha. Nilidhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini alikuwa anacheka pia, na sauti zile mbili zilitoka pamoja. "Mwende! Ni mimi? Huyu mwanamke ni mimi?" Akamgeukia Baba. "Nimemlaani huyu mwanamke kila siku. Nimefunga na kuomba avunjike miguu. Hiyo interview karibu nisiende kwa sababu yake. Kumbe ni mimi!"

"Nami nilidhani mtoto amenikasirikia," Baba alisema. Alisema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Kwa sababu nilikuacha uwanja wa ndege. Ndio maana sikumlazimisha asogee. Niliona ana haki."

Kijana wa mkahawa akaja mbio, akauliza kwa Kiingereza kama tumeweka nafasi. Otis hakumpa mtu mwingine muda wa kujibu. Alimwambia ndiyo, bibi huyu aliwekewa nafasi kitambo, na kwamba hawatakaa sana. Kisha akanyoosha mkono apewe kamera.

Ile ya kumi na mbili ni picha mbaya. Kuna mtungi wa gesi unaotokea kichwani kwa Baba, Mama macho yamevimba, mimi nimefumba yangu. Hatuonekani mbele ya kitu chochote cha maana. Lakini Mama yuko katikati, na mkono wangu umeshikwa. Otis alipomaliza, Baba alimtazama mkewe, akasema taratibu, "Haya. Sasa umefika." Jioni hiyo sanduku lilifunguliwa, na nyumba nzima ikanukia unga wa ugali na sabuni ya kwetu.

Hatukurudi Getini mara nyingi baada ya hapo. Watu wa kanisa walipata mahali pengine, kisha simu za mkononi zikaja na picha zikaacha kusafirishwa kwenye masanduku ya watu. Nilipokuwa msichana nilikuwa nikipakasirikia mahali pale kwa namna palivyotugeuka. Siku hizi hasira imepoa. Mtaa ule haukutujua. Ulikuwa wa kuuza karanga na kofia, sisi ndio tuliopafanya pa kufikia, bila kumwomba mtu ruhusa. Ninachojuta ni kwamba sikumuaga Otis. Tulikwenda mara moja tukaambiwa amestaafu, na aliyetuambia hakujua kaenda wapi.

Nilimpelekea Mama zile picha jikoni, zote kumi na mbili, nikamwomba achague ya jalada. Alizigusa moja moja. Kisha akasema kamati inataka pia picha ya familia kama ilivyo sasa, ya ukurasa wa mwisho, na akainuka kutafuta leso yake.

"Twende Getini," alisema.

Gurudumu limeng'olewa. Bustani yenyewe imekuwa maghorofa ya kuishi, na ule mtaa umebaki na duka la kahawa, mahali pa kuoshea mbwa, na watu wanaopita wakiongea na hewa. Mbao zimeondolewa. Palipokuwa na vyura pamejengwa matofali ya rangi tofauti kidogo, duara zima, ukijua unapaona. Mama alipaona. Alikwenda moja kwa moja akasimama upande wa kushoto, palipokuwa pa Baba, mimi nikasimama kando yake. Nikampa simu msichana mmoja aliyekuwa anapita na kikombe chake cha kahawa.

Msichana akarudi nyuma, akatazama, akatupungia mkono tusogeleane. Nilianza kusogea. Mama akanizuia kwa kiganja, akaniweka mbali naye hatua moja kubwa, akatazama mbele.

"Usisonge," alisema. "Hapo pana mtu."